Walioona Vitu Angani: Bweni, Kilimanjaro na Katanga

Mhariri wa gazeti letu amenitaka nichangie jambo la historia, akaniomba nisirudie magofu ya Kua wala habari za Kisimani Mafia, kwa kuwa zimekwisha andikwa na wenye ujuzi kunishinda. Nimemtii. Nimechagua jambo tulilokuwa tukilibishania usiku baada ya taa kuzimwa, mpaka kiranja akaja kugonga dirisha: je, hao waliosema wameona vyombo visivyojulikana vikiruka angani, waliona nini hasa? Wenzangu wa miaka ile watakumbuka kwamba mimi nilikuwa mtu wa Bweni niliyelala bwenini, na mzaha huo haukuniacha mpaka nilipomaliza kidato cha nne. Walikuwa wakisema watu wa Bweni huona majini kila usiku, basi visahani virukavyo kwao si kitu.

Bweni, kwa faida ya wasiofika, ni kijiji cha ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Mafia. Hapo ndipo Ras Mkumbi, penye mnara wa taa uliojengwa enzi za Wajerumani. Watu wake ni wavuvi na wakulima wa minazi. Mvuvi anayelala baharini huitazama mbingu kuliko mtu wa mjini, maana ndiyo saa yake na ndiyo dira yake. Anaijua Kilimia na msimu wake, anaijua Zuhura ya jioni na ya alfajiri, na kimondo kikianguka hakimshtui. Wazee husema kimondo ni kijinga cha moto anachopigwa shetani aliyekwenda kudukiza habari za mbinguni, na kauli hiyo msingi wake umo katika Kurani. Mtu wa namna hii akikuambia kwamba usiku wa jana ameona kitu asichokijua, yafaa umsikilize, kwa sababu orodha ya anavyovijua ni ndefu.

Hebu tuanze mwaka 1915, ingawa mada yenyewe ni ya katikati ya karne. Mwezi Januari mwaka ule Waingereza waliiteka Mafia. Hawakuitaka kwa minazi yake. Walikuwa wakiiwinda manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha ndani ya mikono ya mto Rufiji, ng'ambo ya kisiwa chetu. Meli zao kubwa hazikuweza kuingia mtoni, wala wapiga mizinga hawakuweza kuona wanachokipiga. Ilihitajika mtu wa kutazama kutoka juu. Basi zikaletwa ndege za kutua majini, zikawekwa kwenye kisiwa kidogo cha Niororo, na baadaye zikaja ndege za kutua nchi kavu zikafyekewa uwanja Mafia penyewe. Zilikuwa ndege za mbao na turubai, na joto na unyevu wa kwetu vilizitesa sana. Tarehe 6 na tarehe 11 Julai 1915 manowari ndogo mbili, Severn na Mersey, ziliingia mtoni, na ndege zikazunguka juu zikiwapasha kwa simu ya upepo makombora yanaangukia wapi. Siku ile ya pili ndege ya rubani Cull na mwangalizi wake Arnold ilipigwa ikaangukia mtoni, nao wakaokoka. Königsberg haikupiga tena.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa msichana wakati huo. Alisimulia kwamba waliisikia kabla ya kuiona: mvumo kama wa nyuki wanaohama mzinga, unatoka mahali pasipo na mti. Watu wakaingia ndani, kuku wakakimbilia uvunguni, na mzee mmoja akasoma dua akiwa amesimama katikati ya uwanja kwa sababu miguu ilikataa kumpeleka popote. Kwa siku kadhaa ile ilikuwa, kwa lugha ya leo, chombo cha angani kisichotambulika. Kisha mtu fulani aliyetoka upande wa Kilindoni akaleta jina, ndege Ulaya, na tangu hapo wanawake wakaendelea kutwanga huku inapita juu yao.

Ndugu wasomaji, shikeni kisa hiki, maana nitakihitaji mbele. Bibi hakukosea hata kidogo katika alichokiona na kukisikia. Alichokosa ni jina tu. Na tazameni tofauti: safari za marubani wale zimo katika daftari za jeshi la Uingereza, na mtafiti wa leo anaweza kuzisoma zilivyoandikwa. Ushahidi wa bibi umo humu gazetini sasa hivi, na haujapata kuandikwa kabla ya leo.

Nikiwa bado katika vita hivyo, niseme neno moja la pembeni. Novemba 1917 Wajerumani walirusha meli ya angani, L59, kutoka Bulgaria, imjie Jenerali von Lettow-Vorbeck huku kwetu na dawa na risasi. Ilikuwa na urefu wa mita 226. Ilifika karibu na Khartoum, ikaitwa irudi. Kama ingefika, sijui wazee wa Lindi na Masasi wangetusimulia nini.

Sasa tuje kwenye visahani vyenyewe. Neno hilo lilizaliwa Marekani. Tarehe 24 Juni 1947 rubani mmoja wa ndege ndogo, Kenneth Arnold (jina moja na yule mwangalizi wa Rufiji, lakini hawahusiani), alisema ameona vitu 9 vinavyong'aa vikipita kwa kasi karibu na mlima Rainier. Alieleza kwamba vilikwenda kwa kurukaruka, kama kisahani kilichorushwa juu ya maji, yaani mchezo ule ule wa watoto wa pwani wa kurusha kigae kikadunda juu ya maji yaliyotulia. Alikuwa akieleza mwendo. Magazeti yakachukua neno kisahani yakalifanya umbo, na tangu wiki ile watu wakaanza kuona visahani vya mviringo nchi nzima, kisha dunia nzima. Mimi naona hapo pana fundisho kubwa kwa mwanafunzi wa historia kuliko visahani vyenyewe. Jeshi la anga la Marekani likaanzisha uchunguzi, na mpango wao wa mwisho, ulioitwa Blue Book, ulipofungwa mwaka 1969 ulikuwa na taarifa 12,618. Nyingi zilikutwa ni nyota, ndege, maputo na mawingu. Zilizobaki bila maelezo ni 701.

Kwetu Afrika Mashariki taarifa mashuhuri kupita zote ni ya Kilimanjaro. Tarehe 19 Februari 1951, ndege ya shirika la East African Airways, aina ya Lodestar, iliondoka Nairobi saa 1 asubuhi kwenda Mombasa. Rubani alikuwa Kapteni Jack Bicknell. Ilipotimu saa 1 na dakika 20, mtu wa redio alimwonyesha kitu cheupe kama nyota kimesimama juu ya Kilimanjaro, kiasi cha futi 10,000 juu ya kilele. Wakakitazama dakika chache bila kuwaambia abiria, pengine kwa kutoamini macho yao. Halafu wakawaambia. Abiria mmoja alikuwa na darubini nzuri. Wakaita kwa redio kiwanja cha Eastleigh kueleza wanachokiona. Kitu chenyewe, walisema, kilikuwa cha rangi ya fedha, umbo la risasi, chenye mistari mitatu myeusi iliyosimama, na urefu wao waliukadiria kupita futi 200, yaani mita 60 hivi. Kilikaa pale pale dakika 17. Kisha kikaanza kwenda upande wa mashariki huku kikipanda, kikapotea kwenye kimo walichokadiria kuwa futi 40,000. Hakikuacha moshi nyuma.

Nimekaa na taarifa hii miaka mingi, na niseme ninavyoipima. Kwanza, si Zuhura. Wapo wanaomaliza kila kisa cha namna hii kwa kusema ilikuwa Zuhura, lakini Februari 1951 Zuhura ilikuwa nyota ya jioni. Asubuhi ilichomoza nyuma ya jua upande wa mashariki, na Kilimanjaro kwa mtu aendaye Mombasa kutoka Nairobi kiko mkono wa kulia. Pili, ni jambo la kuwatukuza mashahidi hawa kwamba hawakuona kisahani. Mwaka 1951 magazeti yote yalikuwa yakisema visahani. Mtu anayejitungia, au anayeona kwa macho ya magazeti, angeona sahani. Hawa waliona risasi yenye mistari, wakasema risasi yenye mistari.

Tatu ndipo penye ugumu. Ukichukua ramani na rula ukapiga mstari wa moja kwa moja Nairobi mpaka Mombasa, mahali unapokikaribia Kibo zaidi bado ni karibu kilomita 100. Kitu cha mita 60 kwa umbali huo ni sawa na punje ya kunde uliyoiweka mita 10 mbele yako. Kwa darubini punje hiyo itasogea, na mistari yamkini utaiona. Lakini nani aliyejua kwamba ilikuwa umbali huo? Walikiona kitu kwa upande wa mlima, wakadhani kiko juu ya mlima. Kama kilikuwa katikati ya njia, basi urefu wake ni nusu ya ule. Kama kilikuwa nyuma ya mlima, ni zaidi. Macho hayapimi umbali wa kitu kilichoning'inia angani pasipo kitu kingine kando yake. Hata nahodha hodari, usiku wa giza, hawezi kukuambia taa iliyo mbele yake ni karabai ya ngalawa iliyo karibu au ni ya meli iliyo mbali, mpaka moja yao isogee.

Mimi naegemea upande wa puto kubwa. Tangu mwaka 1947 Wamarekani walikuwa wakirusha maputo makubwa ya plastiki, yaliyokwenda juu sana kupima miale itokayo anga za mbali, nayo juani hung'aa kama fedha. Puto laweza kuonekana limetulia, kisha likapanda likachukuliwa na upepo. Lakini puto lenye umbo la risasi na mistari mitatu sijapata kulisikia, kwa hiyo naegemea tu, siapi.

Linalonisumbua zaidi ni jambo jingine. Taarifa iliyozunguka dunia ni ya watu wachache waliokuwa ndani ya ndege, wakipita. Chini ya mlima ule, kutoka Siha mpaka Rombo, asubuhi ile walikuwapo Wachagga kwa maelfu, wamekwisha amka, wako mashambani, na mlima wao huutazama kila siku kama sisi tunavyoitazama bahari. Katika taarifa ile hawamo. Na mtu aliyesimama Marangu akitazama juu, pamoja na mwingine aliyesimama Machame, wangetosha kutueleza kile kitu kilikuwa mbele ya mlima, juu yake au nyuma yake, kwa hesabu ya pembetatu ambayo kila mwanafunzi wetu wa kidato cha pili anaiweza.

Kisa cha Katanga nakipa nafasi ndogo, kwa sababu nakiamini kidogo. Gazeti moja la Vienna liliandika Machi 1952 kwamba visahani viwili vya moto vimeonekana juu ya migodi ya urani ya Kongo ya Wabelgiji, na kamanda mmoja aitwaye Pierre wa kiwanja cha Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, akavifukuza kwa ndege yake, mpaka vikatokomea upande wa Ziwa Tanganyika kwa mluzi mkali alioweza kuusikia juu ya ngurumo ya injini yake. Shirika la kijasusi la Marekani likaitafsiri habari hiyo likaiweka katika majalada yake mwezi Agosti, na tangu hapo wako wanaoitaja kana kwamba shirika lilithibitisha. Jalada lenyewe linasema habari haijapimwa. Na mwenye ramani aitazame: habari inasema migodi hiyo iko mashariki ya mto Luapula. Mashariki ya Luapula si Kongo, ni Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Mgodi wa urani wa Shinkolobwe uko magharibi kabisa ya hapo, karibu na Likasi. Aliyeandika hakufika. Lakini hofu yake ilikuwa ya kweli: urani ya Shinkolobwe ilitumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, na miaka michache baadaye kila mwenye akili alijiuliza ni nani anayeichungulia migodi ile.

Hofu kama hiyo ilifika mpaka Unguja. Mwaka 1960 Wamarekani walikubaliwa kujenga huko kituo cha kufuatilia wana-anga wao. Wako waliopinga, wakiamini ni kituo cha makombora. Hakikuwa na kombora, kilikuwa cha kusikiliza na kuzungumza. John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo alivyozungumza navyo. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, kituo kikafungwa. Nakitaja kwa sababu Glenn mwenyewe, huko huko juu, aliona vitu asivyovitambua: chembe nyingi zinazong'aa kama vimulimuli nje ya dirisha lake jua lilipochomoza. Miezi mitatu baadaye mwenzake Scott Carpenter aligonga ukuta wa chombo kwa mkono, vimulimuli vikatawanyika. Zilikuwa chembe za barafu zilizoganda juu ya chombo chenyewe.

Na sasa nirudi Bweni, maana waliokuwa wakinicheka wananisubiri.

Miaka ya mwanzo ya Uhuru, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, nahodha mmoja wa jahazi la mizigo aliketi barazani kwetu akasema ameona nyota inayotembea. Watu wakamshambulia kwa maneno. Mmoja akasema ni Mrusi, kwa kuwa habari za Gagarin zilikuwa zimefika. Mwingine akasema ni jini la Ras Mkumbi limechoka kukaa mnarani. Nahodha akawaacha wamalize, kisha akaeleza, nami nilikuwa nimekaa chini karibu na miguu yake. Alikuwa ametia nanga, baada ya sala ya Isha. Nyota ile ilitoka upande wa Rufiji, ikapanda, ikapita juu ya mlingoti ikiegemea kaskazini kidogo, ikashika upande wa bahari kuu. Haikuwa na mvumo. Haikuacha mkia, kwa hiyo si kimondo. Muda wake ulikuwa kiasi cha mtu kusoma Yasini kwa mwendo wa kawaida. Mwisho akasema neno ambalo watu walicheka zaidi: haikutua baharini wala haikuzama kama nyota nyingine. Ilizimika ikiwa bado juu, pole pole, kama taa inayofunikwa.

Miaka kadhaa baadaye, mwalimu wetu wa fizikia alichora ubaoni dunia, jua na kivuli cha dunia, akatueleza habari za satelaiti iitwayo Echo. Wamarekani waliirusha tarehe 12 Agosti 1960. Ilikuwa puto jembamba la kung'aa, upana wake mita 30, likizunguka kiasi cha kilomita 1,600 juu yetu kwa muda wa karibu saa mbili kila mzunguko, na lilionekana kwa macho matupu kama nyota kubwa mpaka lilipoanguka mwaka 1968. Halikuwa na taa. Liling'aa kwa jua, na lilipoingia katika kivuli cha dunia likazimika, likiwa bado juu. Nilimkumbuka nahodha pale pale darasani. Upande, mwendo, kimya, muda na kule kuzimika, yote aliyatoa sawasawa kama mtu anayejibu mtihani, naye neno satelaiti hakupata kulisikia. Kama angesema kilitua baharini, kwa kuwa ndivyo wasikilizaji walivyotaka, leo nisingeweza kujua alichokiona.

Toka hapo anga ya pwani yetu imejaa. Mwaka 1967 Waitalia walirusha satelaiti kutoka jukwaa lao la San Marco, baharini karibu na Malindi, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa hapo satelaiti iliyopewa jina la Uhuru, kwa heshima ya sikukuu ya Kenya. Nyinyi mliomo madarasani leo mmeona, au mtaona, safu ya taa zinazofuatana kama shanga za tasbihi. Hizo ni satelaiti za Starlink, zilizoanza kurushwa kwa wingi mwaka 2019. Mwaka ule zilipopita mara ya kwanza nilipigiwa simu na wajukuu wawili, mmoja yuko Kilindoni na mwingine Dar es Salaam, na kila mmoja akaniambia upande tofauti.

Mhariri amekubali kutenga ukurasa katika toleo lijalo. Mwenzetu yeyote anayekumbuka nyota ile ya miaka ya sitini, na hasa waliokulia Moshi au Rombo ambao wazazi wao walizungumza juu ya asubuhi ya Februari 1951, amwandikie. Aseme alisimama wapi, alitazama upande gani, ilikuwa baada ya sala gani au kabla ya kengele gani, ilichukua muda gani, na ilikwishaje. Anachodhani kilikuwa nini aweke mwisho, kwenye karatasi nyingine.